Majedwali Mawili ya Presha

Jumatatu, 3 Machi

Chai kwenye thamosi, viazi vitamu viwili, busu moja mlangoni. Omondi ametangulia dukani. Wiki ya nne ya ndoa na bado naona ajabu kuwa viatu vyake vikubwa vinakaa karibu na vyangu bila kuombwa. Nikirudi jioni navikuta tena. Nina furaha ya kijinga.

Madam Gesare, mkuu wangu ofisini, ameenda Kisii kwa mafunzo ya wiki mbili. Ameniachia kompyuta, daftari lake la maelezo na kazi moja. Nimeandika hapa ili nisijidanganye kwamba ni ndogo.

Novemba mradi wetu ulipima watu presha: Nyamira mjini, Nyaramba, mpaka kule Marani. Januari wakapimwa tena wale waliorudi. Kwa hiyo kuna majedwali mawili. Natakiwa kuyaunganisha kwa R, programu ya takwimu, nitoe orodha ya watu ambao presha yao ilikuwa juu mara zote mbili. Hao ndio watakaopigiwa simu. Daktari wa moyo anakuja Nyamira Alhamisi ya wiki ijayo, siku moja tu, kisha hatarudi hadi miezi mitatu ipite. Orodha ifike kwa muuguzi Jumanne tarehe 11, saa kumi jioni.

Kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya miezi sita. Hiyo ndiyo elimu yangu. R nimeijua tangu Agosti tu, na mwalimu wangu ni Madam. Naogopa. Lakini Omondi amesema mimi ndiye msichana mwerevu kuliko wote aliowahi kuoa. Ameoa mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya iliyogeuka nzuri.

Niliomba R inipe wastani wa presha ya Novemba. Ikajibu NA, yaani hakuna namba. Nikaomba tena. NA. Nusu ya asubuhi. Shida: presha iliandikwa yote pamoja, 150/95, na mkwaju katikati. Mimi naona namba mbili. R inaona neno tu, kama vile mtu ameandika "ndizi". Hakuna wastani wa ndizi.

Daftari la Madam, ukurasa wa kumi na moja: `tstrsplit`. Unaiambia ikate pale penye mkwaju. Safu moja ikawa mbili, ya juu na ya chini. Kisha bado ikagoma, kwa sababu mahali pengine mtu ambaye hakupimwa aliwekewa kistari badala ya kuachwa wazi. Kistari kimoja kinatosha kufanya safu nzima iitwe maneno. Nikaondoa vistari. Nikageuza safu ziwe namba. Nikaomba wastani.

Ukaja. Nilitamani kumkumbatia mtu na ofisini nilikuwa peke yangu. Nikamtumia Omondi ujumbe: imekubali. Akajibu: ningekuwa mimi pia ningekubali. Mume wangu jamani.

Jumatano, 5 Machi

Jedwali la Januari lina mistari mitatu kwa kila mtu, maana kila mmoja alipimwa mara tatu akiwa ameketi. La Novemba lina mmoja. Lazima mitatu iwe mmoja kabla ya kuunganisha. Niliogopa kazi ya siku nzima. Ilikuwa sentensi moja:

`jan[, .(juu = mean(juu), chini = mean(chini)), by = fomu]`

Yaani: chukua wastani, fomu kwa fomu. Kisha nikarudisha majina na simu upande wake. Watu 574 Januari, watu 612 Novemba. Saa sita nilikuwa nimemaliza. Nimekula omena, dagaa wa ziwani, aliyopika Omondi jana. Nilikuwa sipendi omena. Sasa napenda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeunganisha. Namba za fomu hazifai kuunganishia kwa sababu Januari zilianza upya kutoka moja, fomu 40 ya kwanza si mtu wa fomu 40 ya pili. Nikatumia jina na kata. `merge`, ukurasa wa kumi na nane.

Mistari 569. Nilitegemea 574. Watano tu wamepotea, pengine karani alikosea mahali. Si mbaya kwa msichana wa kozi ya miezi sita.

Nikachuja waliokuwa juu mara zote mbili. Orodha ikatoka safi. Nikampigia Madam wakati wa chai yao kule Kisii.

"Umemaliza Alhamisi?" akasema. "Mimi ningemaliza Jumatatu usiku nikilia."

Jioni tumetembea mimi na Omondi mpaka barabara ya Kisii na kurudi, bila sababu yoyote, tumeshikana mikono mbele za watu. Mwenye nyumba ametuona akasema, "Nyinyi mtachoka lini?" Hatujui.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nachapisha orodha kata kwa kata. Nyamira mjini kurasa mbili. Marani ukurasa na nusu. Nyaramba watu wawili.

Mimi nimezaliwa Nyaramba. Pale kanisani kwetu pekee naweza kutaja watu saba wanaomeza dawa za presha au wanaopaswa kumeza. Wawili hawawezekani.

Nikarudi juu kwenye jedwali lililounganishwa. Jane Moraa, Nyamira mjini. Jane Moraa. Jane Moraa. Mara kumi na sita. Nikatazama majedwali ya mwanzo: wako wanne, kweli, wanawake wanne tofauti wenye jina hilo kata moja. Wanne Novemba, wanne Januari. R haikujua yupi ni yupi, ikamuunganisha kila mmoja na kila mmoja. Nne mara nne. Na si hao tu. Kina Mary Kwamboka, kina Samuel Nyakundi.

Kwa hiyo mistari iliongezeka upande mmoja na watu wakapotea upande mwingine, na jumla ikaja karibu na ile niliyoitaka. Ndiyo iliyonidanganya. `merge` ikikosa mwenzi wa mtu, inamwacha nje na haisemi neno. Nilimwambia Madam nimemaliza.

Nikaitisha waliokosa mwenzi. Karibu wote Nyaramba. Nikaona sababu mara moja. Novemba kila mtu aliandikwa jina la kitambulisho. Januari kule Nyaramba karani alikuwa Ombati, mtu wa hapo hapo, na ameandika wanawake wazima kama wanavyoitwa nyumbani. Mama Brian. Mama Vane. Mama Brian mwingine. Mama Douglas.

Mama Kemunto.

Kemunto si mimi tu, ni jina la wasichana wengi, nilijiambia hivyo. Kisha nikatazama safu ya simu. Namba ni yangu.

178 kwa 104.

Nimerudia kuisoma hiyo namba mpaka imekosa maana. Januari. Tulikuwa tunashona magauni. Mama alikuwa anapanda na kushuka milima kualika watu, anabeba ndizi, anacheka. Hakusema kitu.

Nikatafuta kwenye jedwali la Novemba. Teresa Bosibori, Nyaramba, 171 kwa 100. Huyo ndiye mama yangu kwa kitambulisho. Mara zote mbili juu. Na orodha yangu safi haina jina lake lolote.

Nimempigia Madam na kukiri yote. Hakunikemea. Amesema, "Afadhali umeiona Ijumaa kuliko muuguzi aione Alhamisi." Kuhusu mama nilimuuliza kama naruhusiwa hata kujua. Akajibu, "Namba yako aliitoa yeye mwenyewe. Nenda kama mtoto wake, usiende kama karani."

Omondi ameniona nikiingia na hakuuliza. Amenitengenezea chai. Nimelia kwenye shati lake la dukani linalonuka rangi na nimempenda sana kwa kutouliza.

Jumamosi, 8 Machi

Nyaramba. Nimemkuta Mama anapalilia mboga nyuma ya nyumba kama mtu asiye na ugonjwa duniani. Tuliongea Kikisii, hapa naandika kwa Kiswahili.

Nilimuuliza moja kwa moja. Hakukana. Aliegemea jembe.

"Ulikuwa na harusi," alisema. "Ningekuambia ili iweje? Uolewe ukiwa na uso wa matanga?"

"Na namba yangu uliwapa ya nini?"

"Simu yangu haikuwa na moto, ilikuwa imezima. Na yako naijua kwa kichwa."

Nikamwambia twende hospitali Jumatatu, popote, mimi na Omondi tutampeleka. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Hataki.

"Yule msichana wa kupima alisema tungoje kuitwa. Mama Douglas ameitwa? Hajaitwa. Mimi nimeitwa? Sijaitwa. Basi sisi si wagonjwa."

"Mama, bado hakuna aliyeitwa, na nyinyi mmeachwa nje na jedwali langu mimi."

"Basi jedwali lako lina akili."

Nilicheka nikiwa nimekasirika, jambo baya kabisa. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Hataki isemwe kwamba amepita wenzake kwa kuwa mtoto wake anafanya kazi huko. Kama ni kuitwa, aitwe kwa simu kama wengine, siku moja na wengine. Hata nikipiga magoti hatatoka kwa namna nyingine. Namjua. Baba alipokuwa hai hakuwahi kumshinda, na baba alikuwa mkaidi.

Kwa hiyo ni hivi. Mama atamwona daktari kama jedwali langu litamwita kwa haki, kabla ya Jumanne saa kumi. Vinginevyo miezi mitatu. Na nyuma yake kuna Mama Douglas na wote wale.

Niliporudi barabarani nilikutana na Ombati sokoni, ananunua parachichi. Nilikuwa nimepanga maneno makali.

"Ombati, kwa nini hukuandika majina ya kitambulisho?"

"Dada, wewe ungeweza? Umuulize mama ya watu, mtu mzima, mbele ya kanisa, eti jina lako nani? Mimi nimekula kwa jiko ya hao wamama. Wangenicheka mpaka Keroka."

Maneno makali yakaniishia. Mimi mwenyewe nisingeweza. Nilikuwa sijawahi kutamka jina la mama yangu kwa mdomo hata mara moja. Nimelitamka jana, peke yangu, nikisoma kompyuta.

Jumapili, 9 Machi

Kanisa. Sikusikia mahubiri.

Baada ya chakula nilimweleza Omondi shida ya kazi, bila majina ya watu. Kwamba jina peke yake halitoshi kumjua mtu. Alikuwa anamenya ndizi, vibaya, anakata ndizi yenyewe pamoja na ganda.

"Sisi dukani tuna Mwalimu wanne," alisema. "Mtu akilipia mabati akasema yapelekwe kwa Mwalimu, dereva atalia. Tunaandika Mwalimu na mahali anajenga. Mwalimu wa karibu na mto. Mwalimu wa juu ya shule. Vitu viwili, nyar Kisii. Kimoja ni cha kutaniana tu."

Ananiita nyar Kisii, binti wa Kisii, kwa lugha yao. Watu wanauliza kwa nini tunaongea Kiswahili nyumbani. Kwa sababu ndicho chetu sote wawili.

Vitu viwili. Nimekaa nikifikiria. Namba ya simu na mwaka wa kuzaliwa. Simu zinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, mke na mume, mama na mkwe, lakini ni nadra wote wawili wamezaliwa mwaka mmoja. Nilimbusu mikono yake yenye utomvu wa ndizi. Sasa una madoa usoni, akasema. Sijali.

Jumatatu, 10 Machi

Saa moja na nusu nilikuwa ofisini kabla ya mlinzi kumaliza chai.

Nimeunganisha kwa simu na mwaka. Mistari sifuri. Sifuri kabisa. Niliketi nikaitazama ile sifuri.

Kisha nikapanga safu zote mbili za simu kando kwa kando. Novemba zinaanza na 7. Januari zinaanza na 07. Mtu alifungua jedwali la Novemba kwa programu nyingine, ikadhani simu ni hesabu, ikafuta sifuri ya mbele kwa kuwa haina kazi kwenye hesabu. Nikairudisha: `paste0("0", simu)`. Pia nikaondoa nafasi ambazo wengine waliacha katikati ya namba.

Nikaunganisha tena. Sasa niko mwangalifu, sitaki kuaminishwa na jumla. Kwanza nimehesabu kama kuna simu na mwaka vinavyojirudia ndani ya jedwali moja. Mapacha wawili wa Marani wenye simu moja, basi. Nikawatenganisha kwa jina. Kisha nimeweka `all = TRUE` ili anayekosa mwenzi abaki nimwone, asitoweke kimya.

537 wamepata wenzao. Kila mmoja mara moja. Jane Moraa wanne ni wanne.

Wamebaki 37 wa Januari bila mtu wa Novemba, wote wa Nyaramba. Walibadilisha laini, au walitoa namba ya mtoto. Mama yumo. Bila shaka yumo, Novemba alitoa namba yake, Januari yangu.

Ningeweza kumuunganisha kwa mkono. Mstari mmoja tu, namjua ni nani. Kidole kilikuwa kwenye kibodi. Sikufanya. Nikimuunganisha yeye peke yake na kuwaacha thelathini na sita, ni ule ule mlango wa nyuma alioukataa. Na angejua. Sijui kwa njia gani, lakini angejua.

Nimempigia Ombati. Atakuja kesho asubuhi.

Jumanne, 11 Machi

Ombati alifika saa tatu badala ya saa mbili na parachichi tatu za kuomba msamaha. Nilimketisha kando yangu. Upande wa kushoto 37 wake wa Januari. Upande wa kulia watu wa Novemba wa kata ile ile ambao bado hawana mwenzi, nimewapanga kwa mwaka wa kuzaliwa ili asitafute mbali.

Kisha nikashuhudia kitu ambacho R haiwezi.

"Mama Vane. Huyo ni wa kwa Nyabuto, alizaliwa sitini na mbili. Huyu hapa, Agnes. Mama Brian wa kwanza ni yule anauza mtumba. Mama Brian wa pili ni huyu mfupi wa kwaya. Mama Douglas... ngoja. Mama Douglas ni Priscah. Najua kwa sababu ya cheti cha ubatizo, si kwa sababu nilimuuliza."

Kila jozi nilimwuliza swali la pili: umri unalingana? Kijiji kinalingana? Hatukukubali jozi kwa kitu kimoja. Wawili hakuwa na uhakika, akampigia mchungaji simu. Alipofika kwa Mama Kemunto alinitazama, akatazama skrini, akasema polepole, "Huyu utaniambia wewe, dada."

"Teresa Bosibori," nikasema. Kwa sauti. Ombati akainamisha macho kama mtu aliyeingia mahali bila kubisha hodi.

Saa nane na robo jozi zikawa 37 kati ya 37. Nikaweka jozi zile kwenye jedwali dogo la tatu, nikaliongeza chini ya lile kubwa kwa `rbind`. Mistari 574. Nikahesabu wanaojirudia: hakuna. Nikahesabu kata kwa kata. Nyaramba imerudi yote.

Nikachuja. Nyaramba, kutoka wawili, ikawa thelathini na mmoja.

Saa tisa na dakika hamsini nilimkabidhi muuguzi. Alitia sahihi bila hata kusoma, ana kazi nyingi. Nilitaka kumwambia shika vizuri, hizo si karatasi. Nikasema asante sista.

Nimefika nyumbani nimelala chini sakafuni, juu ya mkeka, na gauni la kazi. Omondi akalala karibu yangu na sare yake ya duka. Nafuu kama hii sijawahi kuihisi, inauma mabegani.

Jumatano, 12 Machi

Mama amenipigia saa nne. Sauti ya mwenyekiti.

"Kemunto. Nimeitwa."

"Na nani, Mama?"

"Na kliniki. Kwa jina langu lote. Mama Douglas pia ameitwa. Tumeitwa wengi. Kesho saa mbili tuko hapo, tumekodi gari la kanisa." Kisha, kana kwamba ni habari ambayo ingenishangaza: "Inaonekana presha iko juu kidogo."

Nikasema pole, Mama. Akasema usiwe na wasiwasi, mambo ya kliniki mimi nayaelewa.

Nimecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Alhamisi, 13 Machi

Wameona daktari. Wote waliokuja.

Nilikaa mbali. Niliona kofia za kijani za akina mama wa Nyaramba kwenye foleni, na Mama katikati yao, si wa kwanza, si wa mwisho. Alitoka na karatasi ya dawa mbili. Daktari amemwambia moyo wake umekuwa ukivuta mzigo mzito na angekawia hadi Juni asingeyapenda matokeo yake. Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida huku akifunga kanga.

Gari la kanisa lilikuwa liondoke saa kumi. Alikuwa amechoka, nikamwambia aje apumzike kwetu, ni dakika kumi kwa mguu. Alikuja mpaka kwenye ukumbi wa nje akasimama. Omondi alikuwa ndani, amekuja kula. Na mama mkwe haingii nyumba mkwe wake akiwa ndani. Sisi tunaiita chinsoni, ile haya ya heshima kati ya watu wazima waliounganishwa na ndoa. Nilikuwa nimeisahau. Aliketi kwenye ngazi ya mwenye nyumba na mfuko wa dawa mapajani, jua likimpiga.

Omondi alitoka. Alimsalimia macho chini, mikono nyuma, vizuri kabisa, sijui nani alimfundisha. Kisha akasema amekumbuka kuna lori la saruji linashushwa dukani na huenda akachelewa mpaka jioni. Akaenda. Chakula chake kilikuwa nusu mezani.

Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Hakuna lori," alisema.

"Hakuna, Mama."

"Kijana huyu hajui kudanganya. Ni vizuri."

Akaingia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, hakutazama kwingine, akanywa uji na kidonge cha kwanza. Nilisimama nikimwona anameza. Koo lake lilipanda, likashuka. Nimeona harusi yangu na nimeona hili, na sitaki kuambiwa nichague lililo zuri zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu adhuhuri.

Madam amesoma kazi yangu yote. Amesema kuanzia sasa kila mtu atapewa namba yake moja, ya Novemba ndiyo ya Januari ndiyo ya milele, na wamama wataandikwa kwa heshima kwenye safu ya pembeni. Ombati amefurahi.

Mama alipiga simu baada ya kanisa. Hakuwa na habari yoyote. Amekula, amemeza dawa, kichwa hakimgongi tena asubuhi kama zamani. Sikujua kilikuwa kinamgonga. Amesema sasa analala kidogo, akakata.

Omondi amesinzia kwenye kochi, mdomo wazi kidogo, mguu mmoja chini. Mzuri hata hivyo. Watu wangu wawili wamelala mchana huu, mmoja hapa, mmoja Nyaramba. Nimepunguza redio. Naandika polepole, kalamu isipige kelele.